Kuwahamisha Wachoraji

Jumatatu, 3 Februari

Umeme ulikatika saa ya chai. Uliporudi, kompyuta ya Barasa iliwaka na ya Mzee Ogola ikagoma. Tukamsubiri fundi. Mzee alikaa mikono ikiwa magotini, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Tangu mwaka uanze kazi yangu ni moja. Kuwatoa wachoraji wa kampuni kwenye programu ya zamani, ile ya kuchora laini bapa, na kuwaingiza kwenye 3D. Mkurugenzi anasema wateja wa siku hizi wanataka kuona mashine ikigeuka kwenye skrini kabla chuma hakijakatwa. Alinichagua mimi kwa kuwa nilisomea mambo hayo Nairobi.

Idara yenyewe ni watu watatu, nami nikiwemo. Barasa, mtu wa Bungoma, anashika haraka na hachoki. Mzee Ogola ndiye mkuu wetu kwa umri na kwa kazi. Ndiye aliyenipokea nilipotoka politekniki, akanifundisha kuchora upya, kwa sababu niliyojua hayakutosha.

Leo niliwaambia: msianze na laini. Anza na kitu chenyewe. Chukua pande la chuma, likate, litoboe, na michoro itatoka baadaye bila kusumbuka. Barasa alitabasamu mpaka mwisho. Mzee alikuwa anaandika. Anaandika kila neno ninalosema. Siwezi kumtazama akifanya hivyo.

Alhamisi, 6 Februari

Mkurugenzi hataki mazoezi ya bure. Tutajifunzia kazi ya kweli. Mashine ya kukausha omena, wale dagaa wa ziwani, ya kikundi cha kina mama wa Luanda Kotieno. Pipa refu la chuma linalozunguka polepole, hewa moto inapita katikati. Sasa hivi wanaanika omena chini, juu ya nyavu kuukuu, na mvua ikiwakuta zinawaozea.

Mwenyekiti wao, Mama Pamela, alikuja ofisini. Mwanamke mrefu, hana maneno mengi. Aliuliza kitu kimoja tu, kama itakuwa tayari kabla ya masika. Nikamwambia itakuwa tayari.

Niliamini. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba niliamini.

Jumanne, 11 Februari

Mzee Ogola aliinuka katikati ya somo akatoka. Nilidhani amekasirika. Nikamfuata. Alikuwa nyuma ya karakana, mkono mmoja ukutani, anatapika.

Alisema ni samaki wa jana.

Ijumaa, 14 Februari

Si samaki. Leo nilimwangalia yeye badala ya skrini. Kila nikigeuza modeli kwenye projekta anafumba macho. Jasho linamtoka hata feni ikiwa inapuliza.

Nilibaki naye wengine walipokwenda kula.

"Nyathina," akaniambia. Hivyo ndivyo anavyoniita tangu zamani, mwanangu, kwa Kijaluo. "Kile kitu kikigeuka, chumba chote kinageuka nacho. Nakuwa kama niko majini."

Nimesoma mtandaoni jioni. Kuna watu wako hivyo. Ni kama wale wanaotapika safarini. Baadhi huzoea, wengine hawazoei kamwe. Hakuna aliyeandika la kufanya.

Mzee haogopi kompyuta. Hiyo programu ya zamani alijifunza ukubwani, alipotoka kwenye meza ya kuchorea na rula. Alihama mara moja, bila mwalimu. Hii ya sasa mwili ndio unaikataa.

Jumatano, 19 Februari

Nimepunguza kasi ya kugeuka. Nimempa skrini ndogo. Nimemweka karibu na dirisha. Mke wake amempa tangawizi. Nimempangia modeli isimame kabisa, awe anaitazama upande mmoja mmoja.

Amefanikiwa kutengeneza bamba moja lenye matundu. Kutwa nzima. Mtu aliyechora vinu vya kusagia miwa.

Alipomaliza alisema, "Limetoka." Kisha akakaa ameinamisha kichwa mpaka saa ya kufunga.

Nimechukia hii kazi leo.

Jumatatu, 24 Februari

Barasa amemaliza fremu yote, magurudumu ya kubebea pipa, na mlango wa kumwagia omena. Bila mimi. Ana kitu ambacho mimi sina, anaona mashine ndani ya kichwa kabla ya kuigusa. Nimefurahi kama mwalimu. Nimeona wivu pia, si haba.

Mkurugenzi alipita akasimama nyuma ya kiti cha Barasa kwa muda mrefu. Kwa Mzee hakusimama.

Nyamasaria, ninakokaa, hakuna maji tangu Ijumaa. Nimenunua mitungi kwa mkokoteni. Mazoezi ya kwaya sikwenda.

Jumanne, 4 Machi

Mzee aliniomba jambo leo. Aliomba kwa sauti ya chini, na hajawahi kuniomba chochote. Pipa alichore yeye, kwa programu ya zamani. Mimi nilitengeneze kwenye 3D nikifuata mchoro wake. Mkurugenzi asiambiwe.

Nikakubali kabla hajamaliza.

Jioni mchoro ulikuwa tayari. Msafi. Vipimo vimekaa mahali ambapo jicho linavitafuta. Nilisahau jinsi anavyochora vizuri. Mchana alikula sahani yake yote, mara ya kwanza katika wiki nyingi, akamtania mama wa jikoni.

Nimekwenda nyumbani nikiwa na raha.

Jumatatu, 10 Machi

Mota tuliyoitegemea haipatikani. Iliyopatikana ina nguvu zaidi. Barasa akasema basi tupanue pipa, kina mama wakaushe omena nyingi kwa mara moja. Wazo zuri. Tukabadilisha kipenyo. Namba moja tu. Tukatazama fremu ikijipanua, magurudumu yakisogea, kifuniko kikikua, kila kitu kikifuata chenyewe. Kwa mchoro wa zamani hiyo ni kazi ya wiki.

Barasa alipiga makofi. Nikamwambia, "Sasa unaona kwa nini tunahama?"

Mzee hakuwepo. Alikuwa mazishini kwao, upande wa Maseno.

Ijumaa, 14 Machi

Pipa limekunjwa kwa bamba la chuma karakana. Ni dogo.

Waliliinua kwa mnyororo, wakaliteremsha juu ya fremu, nalo likapita katikati ya magurudumu likalala chini kabisa. Mafundi walirudi nyuma. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Nilijua hapo hapo, hata kabla ya kuchukua futi ya kupimia. Mzee alikuwa amepeleka mchoro wake karakana wiki ile ile alipoumaliza, kama alivyofanya miaka yote. Fremu imetoka kwenye modeli. Modeli ilibadilika, mchoro haukubadilika. Karatasi haijibadilishi.

Barasa hakujua kuna mchoro mwingine. Mzee hakujua kipenyo kimebadilika. Mimi ndiye niliyejua yote mawili.



Jumatatu, 17 Machi

Mkutano. Mkurugenzi, sisi watatu, na msimamizi wa karakana.

Nilisema mwenyewe kabla sijaulizwa. Kwamba nilimruhusu Mzee achore kwa njia ya zamani, kwamba nilibadilisha kipenyo nisimwambie, kwamba kosa ni langu lote.

Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Awuor, sikuuliza kosa ni la nani. Nauliza, hapa ndani ni nani hawezi hii 3D?"

Nikatazama meza. Barasa akatazama meza.

Mzee Ogola akainua mkono. Hivi tu, kama mwanafunzi.

"Ni mimi, Bwana," akasema. "Hainikubali."

Mkurugenzi alimshukuru. Ndiyo, alimshukuru.

Alhamisi, 20 Machi

Wamempa Mzee likizo, na likizo hiyo itakwenda mpaka kustaafu. Hakuna sherehe. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa sandarusi: sweta, kikombe, miwani ya akiba. Alifuta meza kwa kitambaa. Meza yenyewe ilikuwa safi.

Alitupa mkono sote. Mimi alinishika kwa mikono miwili.

"Ulijaribu, nyathina," akasema. "Nilikuona."

Angenigombeza ingekuwa rahisi. Nilienda chooni nikakaa huko mpaka uso ukakauka.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Nzito, na upepo kutoka ziwani.

Jumatano, 26 Machi

Pipa jipya halijakunjwa. Kuna kazi ya kiwanda cha sukari imeingia, kubwa, ya haraka, na karakana yote imehamishiwa huko. Mashine ya omena imesukumwa nje, fremu na lile pipa dogo, chini ya turubai. Nimeuliza lini itarudi ndani. Msimamizi amesema nimwulize Mkurugenzi. Mkurugenzi amesema nimwulize msimamizi.

Mama Pamela alipiga simu mara kadhaa. Niliitazama simu ikiita.

Mvua kila siku.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda Luanda Kotieno. Hakuna aliyenituma. Niliomba pikapu ya kazini nikaendesha mwenyewe, nikabeba laptopu. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilipofika yalikuwa yamekwisha.

Kulikuwa kumenyesha asubuhi. Omena zimetandazwa kwenye nyavu, zimelowa, zimeanza kubadilika rangi. Harufu niliisikia kabla ya kushuka. Wanawake walikuwa wanazikusanya kwa majembe na kuzitia kwenye magunia ya wale wanaotengeneza chakula cha kuku. Za kula watu hazifai tena.

Mama Pamela hakunilaumu. Aliniletea kigoda. Nikafungua laptopu, nikawaonyesha modeli, sijui kwa nini. Labda nilitaka waone kwamba hatukulala. Walikuja wote wakasimama nyuma yangu. Pipa lilizunguka vizuri. Mlango ulifunguka, ukafungika. Mmoja akasema, "Yawa, jamani, ni nzuri." Walisifu kwa dhati. Ni nzuri kweli.

Mama Pamela alitazama zaidi ya wote. Halafu akauliza, "Na yenyewe iko wapi?"

Nilimweleza. Pipa, kipenyo, kiwanda cha sukari, turubai. Nilimweleza yote. Nilipotaka kusema tutajitahidi, alinigusa bega.

"Usiahidi tena, mama. Kula kwanza."

Walinipikia samaki wa ngege na ugali. Nilikula mbele yao. Kila tonge lilikuwa zito. Feri ya Mbita ilikuwa inapakia watu, wanaitana na kucheka huko gatini, na mimi nikatamani niwe mmoja wao, mtu yeyote mwenye mahali pengine pa kwenda.

Nimerudi kabla ya giza. Nguo zinanuka omena. Nimeziloweka.

Jumatatu, 7 Aprili

Barasa amepata kazi Nairobi. Kampuni inayotengeneza vifaa vya hospitali. Walimtumia mtihani wa 3D, akaumaliza haraka kuliko walivyotarajia.

Aliniambia mimi kwanza. Alikuwa anaona haya.

"Madam, ni wewe ulinifungulia njia. Sijui nikushukuru vipi."

"Nenda," nikamwambia. "Usikae hapa kwa sababu ya haya."

Nilimaanisha. Pia nilitaka kumshika shati nimwambie abaki. Yote mawili kwa wakati mmoja. Aliuliza kama nadhani Mzee amemkasirikia. Nilimwambia Mzee hana hasira na mtu. Hilo ni kweli, na ndilo linaloniua.

Jumapili, 13 Aprili

Baada ya kanisa nilikwenda Maseno kumwona Mzee. Barabara ya kuingia kwao ilikuwa matope, nikavua viatu. Mke wake alinipokea vizuri, akaniletea maji ya kuosha miguu.

Mzee amekonda. Kizunguzungu hakijamwacha. Akiinama kufunga kamba za viatu, kinamjia. Akigeuka kitandani, kinamjia. Hospitali wamesema ni sikio la ndani, wamempa vidonge. Huenda ulikuwa ugonjwa uliojificha. Huenda sisi ndio tuliouamsha, mimi na projekta yangu. Nilimwuliza Mzee daktari alisemaje kuhusu hilo. Mke wake akajibu badala yake, "Hatukuuliza." Nadhani walinihurumia.

Hakuuliza habari za ofisi hata kidogo. Tulizungumza juu ya mahindi, juu ya mchungaji mpya, juu ya binti yake anayefundisha Kakamega. Kila nilipokaribia kusema jambo la kazi alilikwepa kwa upole, kama mtu anayehamisha kikombe kisimwagike.

Nilipoaga alinisindikiza hadi mlangoni tu. Alishika fremu ya mlango. Hakuthubutu kushuka ngazi.

Jumatano, 16 Aprili

Mama Pamela amepiga. Safari hii nilipokea. Kikundi kimejitoa. Hawana ugomvi. Wamechoka kungoja na wanawake wengine wameanza kuondoka, mmoja amekwenda kwa dada yake Siaya kuuza mboga. Alinishukuru kwa kuja siku ile.

Nilikwenda kumwambia Mkurugenzi. Alisema, "Sawa." Akaandika kitu. Akauliza kazi ya kiwanda imefika wapi.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku ya mwisho ya Barasa. Alileta soda na keki. Tulikuwa wawili mezani, keki ni kubwa. Iliyobaki tukawapelekea mafundi.

Mchana Mkurugenzi alileta wageni, watu wanaotaka kutupa kazi ya vichujio vya maji. Waliingia chumbani kwetu. Akasimama katikati ya meza zile akawaambia kwa fahari, "Idara yetu ya usanifu imehama. Hapa hakuna mtu anayetumia ile programu ya zamani. Wote wako kwenye 3D."

Ni kweli. Hakudanganya hata neno moja. Nilitakiwa kuwahamisha wachoraji wote, na wote wamehama.

Wageni walinipongeza. Nikasema asante.

Barasa alikuwa amesimama pembeni, mfuko wake begani, kadi ya kazini ameshairudisha. Aliniangalia, nikamwangalia.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwomba Mkurugenzi watu wawili. Amesema tuone mwezi ujao. Nimemwambia nitahitaji muda wa kuwafundisha. Amesema nitafute wanaojua tayari. Nimemwambia wanaojua tayari wanakwenda Nairobi. Akacheka, akidhani natania.

Usingizi umekuwa mgumu. Naamka na maneno ya kusema mdomoni, na hakuna wa kuambiwa.

Ijumaa, 2 Mei

Jana ilikuwa sikukuu, nililala karibu siku nzima. Leo kumekuwa kimya. Hata karakana wengi hawakuja.

Nimefanya kazi ya gia za kiwanda tangu asubuhi. Inakwenda. Mvua imepungua, dirisha nimeliacha wazi. Mama wa jikoni alileta chai moja, akasimama kidogo, akaondoka.

Karibu na saa nane nilikwama. Jambo dogo, unene wa jino mahali linapoungana na mwili wa gia, kama lingehimili au la. Nikageuza kiti kumwuliza Mzee.

Meza yake ilikuwa tupu. Kisha nikakirudisha kiti, nikaweka kipimo nilichoona kinafaa, nikaendelea.